Kufungua kozi kwenye Moodle wakati wanafunzi wako wanasoma kwa simu na bando dogo

Kila mwanzo wa muhula maswali ni yaleyale. Faili linakataa kupanda. Wanafunzi wanasema ufunguo wa kozi haukubali. Jaribio limejifunga kabla ya muda. Nusu ya darasa haioni kozi kabisa. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia faili zako hadi alama za mwisho, ili usilazimike kuuliza moja moja.

Umeandikwa kwa Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kwa sababu ni programu huria, ipo tangu 2002, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimekwisha kuifunga kwenye seva zao. Majina ya vitufe ni yale ya matoleo ya 4 na kuendelea, yakiwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini. Chuo chako kikitumia Google Classroom, hatua ya 1 bado inakuhusu kwa ukamilifu wake, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Mwalimu, kozi yako haisomwi kwenye kompyuta unayoitengenezea. Inasomwa hosteli, kwenye simu iliyopasuka kioo, kwa bando la siku moja. Ijenge kwa ajili ya simu hiyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kozi tupu ambayo wewe umesajiliwa kama mwalimu. Kwa kawaida huwezi kujifungulia mwenyewe. Peleka kitengo cha TEHAMA jina la somo, msimbo wake na muhula.
- Orodha rasmi ya wanafunzi kutoka ofisi ya usajili. Karatasi ya mahudhurio haifai: majina yameandikwa kwa mkono na waliochelewa kuripoti hawamo.
- Kompyuta yenye Audacity kwa sauti na HandBrake kwa video. Zote ni bure.
- Simu ya Android ya bei ya chini yenye laini na bando lake. Hiki ni kifaa cha kazi kama kompyuta, usikiruke.
- Majibu matatu kutoka TEHAMA: ukubwa wa juu wa faili unaoruhusiwa ni MB ngapi, huduma ya app ya simu imewashwa au la, na saa ya mfumo imewekwa Afrika Mashariki au bado iko kwenye saa ya London.

Hatua ya 1. Punguza uzito wa masomo

Fanya hivi kabla hujagusa Moodle. Lenga wiki nzima ya somo isizidi MB 10, kila kitu ndani.

*Slaidi.* Uzito wa slaidi uko kwenye picha, wala si kwenye maandishi. Picha moja iliyopigwa kwa simu ina MB 3 hadi 5, na ukiiburuta iwe ndogo kwenye slaidi uzito haupungui hata kidogo. Ndani ya PowerPoint bofya picha yoyote, nenda "Picture Format", kisha "Compress Pictures". Ondoa tiki kwenye "Apply only to this picture", acha tiki kwenye kufuta sehemu zilizokatwa, chagua 150 ppi. Halafu hifadhi kama PDF, ukichagua "Minimum size". Usipakie faili la PowerPoint lenyewe: simu isiyo na programu yake hailifungui, na inayolifungua huvuruga fonti na milinganyo.

*Notisi za karatasi.* Usizipige picha kwa kamera ya kawaida. Kurasa 20 zitafika MB 60 au zaidi. Tumia kitufe cha kuskani kilichomo ndani ya app ya Google Drive na uchague nyeusi na nyeupe. Kama notisi hizo utazitumia miaka mitatu ijayo, zichape upya. Ukurasa uliochapwa una uzito wa KB chache tu, na mwanafunzi anaweza kutafuta neno ndani yake.

*Sauti.* Hapa ndipo walimu wengi wanapokosa nafasi nzuri. Maelezo ya mdomo juu ya slaidi za PDF yanafundisha karibu sawa na video, kwa sehemu ndogo ya gharama. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia au kabati la nguo, simu au maikrofoni ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Kwenye Audacity geuza iwe mono (mkondo mmoja wa sauti), kisha toa kama MP3 ya kbps 32. Hesabu ni hii: kilobiti 32 kwa sekunde ni KB 4, kwa dakika KB 240, kwa dakika 15 MB 3.6. Ukiiacha kwenye kbps 192, dakika hizohizo 15 zinakula MB 21.6, na kwa sauti ya mtu anayezungumza sikio halioni faida yoyote. Taja namba ya slaidi kila unapohamia nyingine.

*Video.* Tengeneza pale tu ambapo mwanafunzi lazima aone mwendo: kufunga saketi, kupima presha ya damu, kutumia theodolaiti. Isizidi dakika 7. Kwenye HandBrake chagua "Fast 480p30". Kama ni slaidi zinazosogea tu, shusha fremu hadi 15 kwa sekunde. Kisha usiipakie Moodle. Iweke YouTube kwa hali ya "Unlisted" (huonwa na mwenye kiungo tu) na ubandike kiungo chake. Sababu ni kwamba Moodle humpa kila mtu faili lilelile kwa ubora uleule, ilhali YouTube hushusha ubora mtandao ukilegea, na mwanafunzi mwenyewe anaweza kuchagua 144p.

Majina ya faili nayo yana kazi. "Lecture final FINAL 2.pdf" ikishapakuliwa hupotea kwenye simu. Andika wiki03-ukinzani.pdf, bila nafasi wala alama za ajabu.

Hatua ya 2. Waingize wanafunzi

Njia ni mbili. Darasa likiwa kubwa, mpe msimamizi wa mfumo faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato) lenye safu username, firstname, lastname, email na course1. Makosa matatu hurudi kila mwaka:

Namba za usajili zenye mkwaju (/) hukataliwa, kwa kuwa username ya Moodle hukubali herufi ndogo, tarakimu, kistari, mstari wa chini, nukta na @ tu. Badilisha kila mkwaju uwe kistari, uwaambie wanafunzi mapema.

Excel hula sifuri za mwanzo. 00457 inakuwa 457, na mwanafunzi anashindwa kuingia. Weka safu nzima kuwa "Text" kabla ya kubandika namba. Ukibandika kwanza, sifuri zimeshapotea.

Hifadhi kama "CSV UTF-8". Baadhi ya kompyuta hutenganisha safu kwa nukta-mkato badala ya mkato, hivyo ukurasa wa kupakia ukionyesha kila kitu kwenye safu moja, badilisha hapo kitenganishi.

Njia ya pili ni wanafunzi kujisajili wenyewe kwa ufunguo. Nenda "Participants", fungua menyu ya juu, chagua "Enrolment methods", washa "Self enrolment", bofya gia, weka "Enrolment key". Ufunguo hutofautisha herufi kubwa na ndogo. CR (mwakilishi wa darasa) akiuandika kwenye kundi la WhatsApp, simu yake hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa na darasa zima linanakili kosa. Tumia tarakimu tupu. Weka pia tarehe ya mwisho ya kujisajili, mwisho wa wiki ya 3 kwa mfano, ukiwakumbuka wanaorudia somo.

Hatua ya 3. Panga kozi kwa wiki

Kwenye "Settings" chagua mpangilio wa wiki, na tarehe ya kuanza iwe Jumatatu ya wiki ya kwanza ya masomo. Ukiweka tarehe nyingine, vichwa vya wiki zote vitasogea. Washa "Edit mode" juu kulia.

Kila wiki iwe na vitu vilevile kwa mpangilio uleule: maelezo mafupi, PDF, sauti, kazi. Maelezo yaandike kama "Page", wala usiyaweke kwenye faili la Word, maana "Page" hufunguka palepale bila kupakuliwa. Ukinakili kutoka Word bandika kwa Ctrl+Shift+V. Bila hivyo unaingiza fonti na vipimo vilivyojificha, na kwenye simu maandishi yanatoka nje ya kioo.

Hatua ya 4. Tenganisha matangazo na mazungumzo

"Announcements" ya Moodle huandikwa na walimu tu, na hufika kwa kila aliyesajiliwa. Kundi la WhatsApp lina thamani yake, kwani ndilo linalofunguliwa kila saa, ila liwe la kengele tu: "Kazi ya wiki ya 4 imewekwa, angalia Moodle." Weka wasimamizi pekee ndio watume.

Usipokee kazi za wanafunzi WhatsApp. Picha zinabanwa hadi mwandiko hausomeki, mafaili 120 yote yanaitwa "assignment", na simu yako ikiibwa ushahidi wa alama umekwenda. Wala usibandike kundini matokeo yenye majina na namba za usajili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zaidi ya sheria ni heshima ya mwanafunzi aliyefeli. Moodle humwonyesha kila mtu alama zake peke yake. Acha ifanye hivyo.

Hatua ya 5. Weka kazi ya kukusanya

Ongeza "Assignment". Kuna tarehe mbili zinazochanganywa: "Due date" ni siku ya mwisho, anayepita huandikwa amechelewa lakini bado anapokelewa, "Cut-off date" ndiyo inayofunga mlango. Ukiiacha ya pili wazi, kazi zitaendelea kuingia hata baada ya mtihani.

Sasa saa. Moodle huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ukisema "mwisho Ijumaa saa 6 usiku" na ukaandika Ijumaa 00:00, kazi itafungwa usiku wa kuamkia Ijumaa, siku nzima kabla ya ulivyokusudia. Andika 23:55, na kwenye maelezo iandike kwa njia zote mbili: "Ijumaa 23:55, yaani saa 5:55 usiku." Vivyo hivyo saa 2 usiku ni 20:00. Mstari huo mmoja unaokoa malalamiko mengi kuliko mafunzo ya siku nzima.

Ukubwa wa faili weka MB 5, aina ziwe .pdf na .docx. Pale panapouliza kama mwanafunzi lazima abofye kitufe cha kuwasilisha, chagua "No". Ukichagua "Yes", wapo watakaopakia, wakaona jina la faili lao, wakaondoka wakiamini wamemaliza, kumbe ni rasimu. Kwa kazi ya aya mbili tatu ruhusu "Online text", waandike moja kwa moja kwenye simu.

Hatua ya 6. Tengeneza jaribio

Usiandike maswali moja moja ndani ya Moodle. Yaandike kwenye Notepad kwa muundo uitwao Aiken, kisha uyaingize yote kwa mkupuo kupitia "Question bank", "Import":

Kizio cha ukinzani wa umeme ni kipi?
A. Volti
B. Ampea
C. Omu
D. Wati
ANSWER: C

Swali likae mstari mmoja, hata likiwa refu. Herufi ya jibu iwe kubwa, ifuatwe na nukta au mabano na nafasi. ANSWER: iwe kwa herufi kubwa. Acha mstari mtupu kati ya swali na swali. Hifadhi kama .txt ya UTF-8, faili la .docx halitasomeka.

Andika maswali 60 na uiambie Moodle imchagulie kila mwanafunzi 20 bila mpangilio. Ndiyo kinga ya maana dhidi ya majibu kuzunguka kundini, na inakupa uhuru wa kufungua jaribio kwa saa nyingi badala ya kuwalazimisha wanafunzi 300 waanze dakika ileile, jambo ambalo seva nyingi za vyuo hazilihimili.

Mipangilio ya kuweka:

- Muda: dakika 40 kwa maswali 20 yenye hesabu, 20 kwa ya kukumbuka. Muda ukiisha: "Open attempts are submitted automatically".
- Kurasa: maswali 5 kwa ukurasa. Swali moja kwa ukurasa linalipisha mtandao mara 20. Yote kwenye ukurasa mmoja yanamtesa mwenye simu ndogo. Moodle yenyewe, kwa kawaida, huhifadhi majibu kila dakika moja.
- "Review options": ondoa majibu sahihi kila sehemu isipokuwa baada ya jaribio kufungwa. Ukisahau hapa, wa kwanza kumaliza anapiga picha skrini na kuisambaza.

Na tahadhari moja ya uzito: saa ya kufunga ina nguvu kuliko muda wa jaribio. Anayeanza dakika 10 kabla ya kufungwa ana dakika 10 tu, hata kama umeandika 40. Tangaza saa ya mwisho ya *kuanza*, si ya kufunga pekee.

Kwa zoezi lisilo na alama kubwa unaweza kuruhusu lifanyike bila mtandao ndani ya app ya Moodle: mwanafunzi anapakua chuoni kwenye Wi-Fi, anafanya nyumbani, anarudisha kesho yake. Masharti ni lisiwe na ukomo wa muda, na aina ya mrejesho iwe "Deferred feedback", yaani mrejesho utoke baada ya kuwasilisha.

Wiki ya kwanza weka jaribio la maswali matatu lisilo na alama. Wanaoshindwa kuingia wajulikane siku hiyo, si asubuhi ya jaribio lenyewe.

Hatua ya 7. Jaribu kwa simu

Kitufe cha "Switch role to", kinachokuonyesha kozi kama mwanafunzi, kinakupa picha ya juujuu tu. Omba TEHAMA akaunti ya mwanafunzi wa majaribio. Zima Wi-Fi, angalia matumizi ya data kwenye mipangilio ya Android, pitia wiki nzima ya somo, angalia tena. Tofauti ndiyo bei halisi ya wiki yako. Ikizidi MB 15, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 8. Vipindi vya moja kwa moja mtandaoni

Vitumie kwa maswali tu, mhadhara uwe umetangulia kama sauti. Zoom ya bure hukata kikao dakika ya 40, Google Meet ya bure dakika ya 60 mkiwa watatu au zaidi. Kamera zizimwe. Asiyehudhuria asipoteze alama.

Hatua ya 9. Alama na nakala

Kabla ya kupakua alama kwenda Excel, fungua "Gradebook setup". Moodle, isipobadilishwa, haihesabu nafasi tupu. Mwanafunzi aliyefanya kazi moja kati ya nne akapata 9 kati ya 10 ataonekana ana asilimia 90. Jaza sifuri kwa wasiokusanya: nenda "Single view", chagua kazi, tumia "Bulk insert" kwa nafasi tupu, ukiwaruka wenye ruhusa ya ugonjwa.

Kisha "Course reuse", "Backup". Ondoa tiki kwenye watumiaji, upakue faili la .mbz ulihifadhi nje ya seva. Muhula ujao utalirejesha kwenye kozi tupu na kubadilisha tarehe tu.

Mambo yanapokwama

*Faili halipandi.* Limezidi ukubwa unaoruhusiwa. Kikomo kiko ngazi mbili, cha mfumo na cha kozi. Cha kozi unaweza kukipandisha mwenyewe, ila hakivuki cha mfumo.

*Mwanafunzi anaingia lakini haoni kozi.* Angalia kwanza kama kozi yenyewe umeiacha kwenye "Hide". Wewe unaiona, wao hapana. Kama sivyo, hajasajiliwa.

*Barua ya kubadili nywila haifiki.* Mara nyingi baruapepe kwenye orodha imekosewa herufi, au iko kwenye taka. Msimamizi aibadilishe, asimfungulie akaunti ya pili, maana alama zitagawanyika.

*App inagoma kuunganisha.* Huduma ya simu imezimwa na TEHAMA. Wakati mkisubiri, kivinjari cha Chrome kinatosha.

*Milinganyo inaonekana kama $$x^2$$.* Kichujio cha MathJax, kinachochora milinganyo, kimezimwa kwenye kozi. Kiwashe kwenye "Filters".

*Umeme au mtandao umekatika katikati ya jaribio.* Mwanafunzi arudi mara moja kwa simu au kompyuta yoyote. Muda ukiwa bado upo ataendelea alipoishia. Muda ukiwa umekwisha, fungua jaribio, "Overrides", mwongezee yeye peke yake nafasi moja na saa mpya ya kufunga. Usifungue upya jaribio kwa darasa zima.

*Umegundua jibu uliloweka kuwa sahihi lilikuwa na kosa.* Usilifute swali. Lirekebishe kwenye benki ya maswali, kisha nenda "Results" ya jaribio, ubofye "Regrade". Alama za wote zitahesabiwa upya. Watangazie kwamba zimebadilika na kwa nini, kabla hawajaona wenyewe.